PICHA ISIYO KAMILI HUDANGANYA

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wanakisomo na vikundi vya kazi za mikono, Bariadi)



Leo tutazungumza juu ya kazi ndogo yenye faida kubwa. Ni kazi ya kuhamisha picha. Tunachukua picha iliyo kwenye karatasi, tunaihamishia kwenye manila, kwenye boksi au kwenye kitambaa cha amerikani. Kwa njia hiyo tunapata chati za kutundika darasani. Tunapata pia kadi za harusi na mapambo ya kuuza siku ya mnada.

Wengi wenu mmekwisha ijaribu kazi hii. Wengine mmefaulu, wengine mmekata tamaa. Picha imetoka na mapengo, au imegeuka, au imefunikwa na ukungu. Basi leo tutazitaja kasoro hizo moja moja, na tiba yake.

Lakini kwanza tujiulize: kasoro hizi zina ubaya gani? Kadi ya harusi ikitoka vibaya, hasara yake ni karatasi na gundi. Chati ya kilimo ikitoka vibaya, hasara yake iko shambani.

Wanakisomo wa huku walianza zamani kujifunza kusoma kwa kazi zao. Bariadi ilipokuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, kabla ya Mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012, tayari kulikuwa na vitabu vya kisomo vilivyofundisha herufi pamoja na kilimo cha pamba. Hiyo ilikuwa tangu mradi wa kisomo wa mikoa ya Ziwa, ulioanza mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO. Picha ilikuwa mwalimu wa pili. Na mwalimu akisema uongo, wanafunzi wote hupotea.

Tuseme habari ya chati moja tuliyoiona darasani. Ilikuwa chati ya wadudu wa pamba. Upande mmoja palikuwa na kangambili. Mnamfahamu. Ni mdudu mwekundu mwenye alama nyeusi. Hufyonza mbegu ndani ya tumba, na pamba huchafuka. Pamba iliyopaswa kuwa safi inakuwa fifi, na fifi bei yake mnaijua.

Upande wa pili palikuwa na mdudu mwingine, naye mwekundu, naye ana madoa meusi. Huyu ni duara kama nusu ya punje ya choroko. Yeye hali pamba. Anakula vidukari, wale wadudu wadogo wanaonyonya majani. Kwa hiyo huyu ni rafiki wa mkulima.

Sasa, picha zile mbili zilikuwa zimehamishwa kwa haraka. Kangambili alikuwa amepoteza miguu na nusu ya mwili. Yule rafiki alikuwa amepoteza madoa. Maneno yaliyoandikwa chini yao yalikuwa yamegeuka, hayasomeki. Mama mmoja akauliza, "Mwalimu, katika hawa wawili nimwue yupi?" Darasa zima likanyamaza. Swali lile lilikuwa la haki. Chati ile ingeweza kumfanya mtu amwue rafiki na kumwacha adui.

Haya basi, tuingie kazini.

JINSI YA KUHAMISHA

Vitu vinavyotakiwa ni hivi: nakala ya picha iliyotoka kwenye mashine ya fotokopi, boksi au manila ngumu, gundi nyeupe ya maji wanayotumia maseremala, brashi, chupa tupu, maji na kitambaa safi.

Kwanza, paka boksi gundi nyembamba pande zote mbili, uache ikauke. Hii itazuia maji yasiingie ndani ya boksi.

Pili, paka gundi tena upande wa juu, sawasawa, pasibaki mahali pakavu.

Tatu, laza nakala juu ya gundi, picha ikitazama chini. Viringisha chupa juu yake toka katikati kwenda pembeni, ili hewa itoke.

Nne, acha ikauke usiku kucha.

Tano, lowesha mgongo wa karatasi kwa kitambaa chenye maji. Karatasi ikilainika, isugue taratibu kwa vidole. Itatoka vipande vipande kama ngozi ya kitunguu, na picha itabaki kwenye gundi.

Kwa nini picha inabaki? Rangi nyeusi ya fotokopi si wino wa maji. Ni unga wa plastiki ulioyeyushwa kwa joto ndani ya mashine. Maji hayauyeyushi. Gundi inaushika, na karatasi inaondoka.

KASORO NA TIBA ZAKE

Kasoro ya kwanza: picha imegeuka. Mkono wa kulia umekuwa wa kushoto, na maandishi yanasomeka kinyumenyume. Hii si bahati mbaya. Picha inayolazwa uso chini lazima igeuke, kama uso wako kwenye kioo. Tiba ni kumwambia mwenye mashine kabla hajatoa nakala: "Nigeuzie picha kama inavyoonekana kwenye kioo." Ikiwa hawezi, hamisha picha peke yake, na maneno uyaandike kwa mkono wako. Ninyi mnajua kuandika. Tumieni elimu yenu.

Kasoro ya pili: rangi imeyeyuka na kutapakaa. Hapo nakala ilitolewa kwa mashine ya wino wa maji. Kabla ya kuanza, lowesha kidole, ugusishe pembeni mwa picha. Rangi ikishika kidole, nakala hiyo haifai kwa njia hii. Tafuta nakala ya unga.

Kasoro ya tatu: picha ina mapengo. Sababu ni mbili. Ama gundi haikufika pale, ama hewa ilibaki chini ya karatasi. Paka gundi yote kwa mara moja, kwa brashi pana, na ulaze karatasi kabla gundi haijaanza kukauka. Kisha tumia chupa. Usipige kwa kiganja, maana kiganja hufungia hewa ndani.

Kasoro ya nne: picha inatoka pamoja na karatasi. Hapo haraka ndiyo adui. Gundi haikukauka. Wakati wa masika hewa ina unyevu, usiku mmoja huenda usitoshe. Gusa mgongo wa karatasi. Kama bado ni baridi, ngoja. Na unaposugua tumia ncha za vidole, si kucha.

Kasoro ya tano: picha ina utando mweupe. Ikiwa imelowa inaonekana vizuri, ikikauka inafifia. Utando huo ni nyuzi za karatasi zilizobaki. Lowesha tena kidogo, sugua tena, acha ikauke, tazama. Unaweza kurudia mara mbili au tatu. Mwisho paka gundi nyembamba sana juu yake. Ikikauka itang'aa na picha itaonekana wazi.

Kasoro ya sita: boksi limejikunja. Upande mmoja umelowa, mwingine ni mkavu. Ndiyo maana tulisema upake gundi pande zote mbili. Ikisha kauka kabisa, iweke kati ya mbao mbili na juu yake tofali. Usiiweke chini ya tofali ikiwa bado mbichi, itanasa.

Jamani, jambo moja tusilifanyie mzaha. Wako watu wanaohamisha picha kwa kulowesha nakala na thina au petroli. Ni kweli rangi huhama upesi. Lakini mvuke wake unaumiza kichwa na mapafu, na unashika moto haraka sana. Nyumba zetu zina jiko na kibatari. Msitumie njia hiyo, na msiwaache watoto waione kuwa ni mchezo. Gundi na maji vinatosha.

KAMA HAKUNA FOTOKOPI

Si kila kijiji kina mashine. Ziko njia mbili za bei nafuu.

Njia ya kwanza ni mkaa. Paka unga wa mkaa nyuma ya karatasi yenye picha, kung'uta unga uliozidi, ilaze juu ya manila, kisha fuatisha mistari kwa kalamu. Alama zitahama. Picha hii haigeuki. Ikitoka hafifu, hukubonyeza vya kutosha. Ikitoka chafu, mkaa ulizidi au kiganja chako kilikuwa kinalala juu ya karatasi.

Njia ya pili ni matundu. Toboa karatasi kwa sindano, tundu baada ya tundu, kufuata mistari ya picha. Iweke juu ya ubao mweusi, uigonge kwa kitambaa chenye unga wa chaki. Maswa ilipata jina kwa kutengeneza chaki, basi hicho si kitu kigeni kwetu. Ukiondoa karatasi utaona nukta. Ziunganishe. Karatasi moja yenye matundu hufaa kwa madarasa mengi. Nukta zikichanganyika, matundu yako ni makubwa mno au karatasi ilisogea.

KUKAGUA

Sasa tumefika kwenye jambo kubwa la leo. Picha ikisha kauka, kazi bado haijaisha. Ikagueni.

Shikeni picha ya asili mkono mmoja na ile mpya mkono mwingine. Hesabuni. Mdudu ana miguu sita. Je, yote ipo? Madoa ni mangapi? Umbo ni refu au duara? Kwa kangambili, mabawa yanalaliana mgongoni. Kwa yule rafiki, magamba mawili yanakutana kwa mstari mmoja ulionyooka. Mistari hiyo midogo ndiyo inayomtofautisha adui na rafiki.

Tazameni tarakimu zaidi ya vyote. Chati ya kipimo cha dawa yenye 15, ikipoteza 1, inabaki 5. Na 8 iliyofutika upande huonekana kama 3. Mkulima ataamini alichosoma. Dawa ikipungua, wadudu hawafi. Ikizidi, mtu ataumia na fedha zitapotea.

Palipo na pengo, jazeni kwa kalamu mkitazama picha ya asili. Msijaze kwa kukumbuka. Kichwa husahau, karatasi haisahau. Na kama pengo ni kubwa, itupeni chati hiyo mfanye nyingine. Boksi moja ni bei ndogo kuliko gunia la fifi.

Kisha mwiteni mtu ambaye hakuiona picha ya asili. Mwulizeni, "Unaona nini hapa?" Msimsaidie. Akitaja sawasawa, tundikeni. Akisita, rudini kazini. Mzee asiyejua kusoma ni mkaguzi mzuri kuliko mwalimu, maana yeye hutegemea picha tupu.

Ndugu zetu, mtu aliyejifunza kusoma ana deni kwa wenzake. Watu wanakuja kwake na kusema, "Hebu tusomee." Wanamwamini. Na chati aliyoitengeneza yeye, wanaiamini vilevile. Basi tusitundike ukutani kitu ambacho hatukukikagua.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini maandishi hugeuka picha inapolazwa uso chini?

2. Chati iliyo darasani kwenu ina kasoro gani? Nani aliikagua?

3. Mtamwonyeshaje jirani tofauti ya kangambili na mdudu rafiki?

Juma lijalo kila kikundi kilete chati moja. Tutabadilishana, kila kikundi kikague kazi ya wenzake.

 Elimu haina mwisho.