Nyani Aliyepimwa Ubongo Akiwa Hai



Leo nataka kuzungumza juu ya nyani. Si yule wa hadithi, bali huyu huyu anayevamia mashamba ya mahindi, ambaye wataalamu humwita Papio anubis. Katika miaka ya 1980, nyani wa aina hiyo walilazwa usingizi wa dawa ndani ya mashine katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York nchini Marekani. Ubongo wao ukajibu swali ambalo zamani lilijibiwa kwa kisu tu.

Ndani ya ubongo mna vimeng'enya, yaani vitenda kazi vidogo vinavyovunja kemikali moja na kuunda nyingine. Kimoja huitwa MAO-B. Huyo huvunja dopamini, kemikali ambayo ikipungua sana mtu hupatwa na ugonjwa wa Parkinson: mikono hutetemeka na mwendo huwa mzito. Iko dawa, deprenili, inayokizuia kimeng'enya hicho kisifanye kazi. Lakini hukizuia kwa muda gani? Zamani ilibidi panya auawe, ubongo usagwe, ndipo upimwe. Na panya aliyekwisha kufa hapimwi tena wiki ijayo.

Mkemia Joanna Fowler na wenzake wa Brookhaven walitumia ujanja wa mtega ndege. Kwa MAO-B, deprenili ni ulimbo. Kimeng'enya kikiishika ili kuifanyia kazi, kinanasa papo hapo na hakibanduki. Basi wakatengeneza deprenili yenye kaboni-11, ambayo ni kaboni ya mionzi. Kila baada ya dakika 20 nusu ya mionzi hiyo huwa imekwisha, kwa hiyo hutengenezwa pale pale kwa mtambo uitwao saiklotroni, na wakemia hawana nafasi ya kunywa chai. Mnyama hudungwa kiasi kidogo mno, kisichoweza kuubadili ubongo wake. Mashine iliyozunguka kichwa hunasa miale, na kompyuta huchora ramani: palipo na kimeng'enya kingi kinachofanya kazi, ndipo panapong'aa zaidi.

Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Dawa ilinasa upesi kupita kiasi. Fikiria unataka kujua wepesi wa mkata tiketi kwenye lango la uwanja wa mpira, nawe unahesabu watu wanaoingia. Kama mkata tiketi ni mwepesi kuliko mabasi yanayoleta watu, basi unachohesabu ni mabasi, wala si yeye. Hapo mabasi ni damu. Picha ilionyesha zaidi jinsi damu inavyofika, kuliko kazi ya kimeng'enya.

Walifanyaje? Mahali pale ambapo kimeng'enya hukata kifungo cha dawa, waliondoa hidrojeni ya kawaida wakaweka hidrojeni nzito, iitwayo deuteri. Kifungo chake ni kigumu zaidi kukatika. Mkata tiketi akapunguza kasi, na sasa foleni ikaonekana. Mabadiliko hayo yalithibitisha pia kwamba wanachokiona ni kazi ya MAO-B hasa. Mimi naona hapo ndipo palipo na akili kubwa kuliko kwenye mashine yenyewe, ijapokuwa mashine ndiyo inayopigwa picha magazetini.

Kwa kuwa nyani hakuuawa, waliweza kumpa dawa na kumpima tena na tena kwa majuma mengi. Wakaona kimeng'enya kilichonaswa hakifufuki; ubongo hulazimika kuunda kingine. Katika nyani, nusu ya kazi iliyopotea ilirudi baada ya siku kama 30. Mwaka 1994 walitangaza kipimo cha binadamu: siku kama 40. Panya hupona haraka kuliko hapo, na aliyetegemea saa ya panya angekosea sana. Daktari aliyemsimamishia mgonjwa dawa kwa mwezi mmoja, akidhani sasa ubongo umesafika, alikuwa anampima mtu ambaye bado yumo ndani ya dawa.

Kisha, mwaka 1996, njia hiyo hiyo ilileta jambo lisilotazamiwa. Wavutaji wa sigara walipoingizwa kwenye mashine, MAO-B ya ubongo wao ilikuwa pungufu kwa asilimia 40 hivi kuliko ya wasiovuta. Nikotini peke yake haifanyi hivyo. Ni kitu kingine kilichomo katika moshi. Maana yake mvutaji hujipa dawa ya ubongo asiyoijua jina, kila siku, bila kuandikiwa na daktari. Na waliokwisha kuacha sigara? Wao vipimo vyao vililingana na vya watu wasiovuta.

Hadi juma lijalo, kwaherini.