Shilingi za Kibarua Zinavyopotelea Kwenye Vipimo Vidogo



Kila mwisho wa mwezi Shirika la Kitaifa la Takwimu hutangaza kiwango cha mfumuko wa bei. Oktoba 2022 kilifika asilimia 9.6. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2024, kilikuwa asilimia 2.7. Mkazi wa Changamwe aliyesikia tangazo hilo redioni kisha akaenda dukani alikuwa na haki ya kushangaa, kwa sababu bei hazikuwa zimerudi zilikokuwa. Hazikutarajiwa kurudi. Mfumuko ukipungua, maana yake ni kwamba bei zinapanda polepole kuliko mwanzo. Kilichokwisha panda hubaki juu. Tena takwimu hiyo hupima kikapu cha nchi nzima, cha mwenye gari na cha asiye na baiskeli. Kikapu cha kibarua ni kidogo, na karibu chote ni chakula, kodi ya chumba, nauli na makaa.

Yafaa kuanza na mshahara wenyewe. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa kawaida katika jiji la Mombasa, yaani mfagiaji, mtunza bustani, yaya au mfanyakazi wa nyumbani, kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Hapo nyumba haijahesabiwa. Mwajiri asiyempa mfanyakazi mahali pa kulala anatakiwa kuongeza posho ya nyumba ya asilimia 15, ambayo ni shilingi 2,417, na jumla ikawa 18,530. Wengi hawaijui posho hiyo, na waajiri wengine hawana haraka ya kuwajulisha.

Haikuja bure pia. Mgomo wa wafanyakazi wa Mombasa wa mwaka 1939, uliofika hadi bandarini, ulihusu kodi ya nyumba. Januari 1947 mji mzima ulisimama, na wagomaji wakawa wakikutana kwenye uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Kiongozi aliyejitokeza wakati huo alikuwa Chege Kibachia. Walichodai ni kile kile kinachosemwa leo kwenye foleni ya feri: mshahara haulingani na gharama ya kuishi mjini.

Katika zile 18,530, bima ya afya ya SHIF huchukua asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, na NSSF asilimia 6. Jumla ya makato ni karibu shilingi 1,900. Kodi ya mapato haimgusi, kwa kuwa yuko chini ya shilingi 24,000. Kinachofika mkononi ni kama 16,630, sawa na shilingi 554 kwa siku ukihesabu siku zote 30, maana tumbo halijui Jumapili. Akilipa kodi ya chumba shilingi 4,000 na nauli ya shilingi 100 kwa siku 26 za kazi, anabaki na shilingi 334 za kulisha nyumba, kuwasha jiko, kununua sabuni na kumpa mtoto daftari.

Huyo ni yule anayelipwa kama sheria inavyosema. Wako wengi wanaolipwa pungufu, na wengi zaidi wanaolipwa kila jioni, leo kuna kazi na kesho hakuna. Na hapa ndipo lilipo jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Pesa inayokuja kidogo kidogo hutumika kidogo kidogo, na kinachonunuliwa kidogo kidogo huwa ghali.

Chukua mafuta ya kupikia. Bei hizi ni za mfano tu; kila mmoja anaweza kuweka za duka lake. Chupa ya lita moja ni shilingi 300. Kikombe cha mafuta ya kupima, cha mililita 100, ni shilingi 40. Shilingi 40 hazionekani kuwa nyingi, na ndiyo sababu watu hununua. Lakini vikombe kumi hufanya lita, na lita hiyo imekuwa shilingi 400. Nyumba inayotumia kikombe kimoja kwa siku inamaliza lita tatu kwa mwezi: shilingi 1,200 kwa vikombe, 900 kwa chupa. Tofauti ni shilingi 300, karibu chakula cha siku nzima kwa yule mfanyakazi mwenye 334. Sukari ya robo, sabuni ya kipande, majani ya chai ya shilingi tano na makaa ya mkebe, vyote vina hesabu ya namna hiyo. Makaa pengine ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu mkebe hujazwa kwa kupanga vipande vikubwa visimame, na katikati ni hewa.

Mwenye duka si mwizi kwa hilo. Naye hununua mtungi, akabeba, akapima, akamwaga kidogo, na akaandika kwenye daftari deni la mtu ambaye huenda asilipe hadi mwisho wa mwezi. Siku mtoto anapougua usiku, ni yeye anayefungua dirisha. Duka la mtaa linauza bidhaa na linauza subira, na subira ina bei yake.

Wala si kila cha kupima ni ghali. Mahindi yaliyonunuliwa kwa pishi na kupelekwa kusagwa mara nyingi huwa nafuu kuliko unga wa pakiti, hata baada ya kulipa mashine. Mboga ya fungu jioni, wauzaji wa Kongowea wakitaka kurudi nyumbani bila mzigo, huwa rahisi kuliko ya asubuhi. Kinachohitajika ni kalamu na dakika kumi: kugawanya bei kwa kipimo, bidhaa moja baada ya nyingine. Matokeo huwashangaza hata wanaojiona wajanja wa soko.

Kuna jibu linalotolewa upesi na walioshiba: basi nunueni kwa wingi. Ni jibu la mtu asiyewahi kurudi nyumbani na shilingi 400 ambazo zina kazi 500. Kununua lita nzima ni kulipa leo chakula cha siku kumi zijazo, na hizo siku kumi bado hazijalipwa mshahara. Kwa hiyo njia inayowezekana ni ya bidhaa moja kwa wakati. Nyumba huanza na mafuta peke yake. Wiki moja ngumu inavumiliwa, chai ikanywewa na muhogo badala ya mahamri, na chupa ya kwanza inanunuliwa. Kuanzia hapo zile shilingi 40 za kila siku zinawekwa kwenye kopo kana kwamba bado zinaenda dukani. Siku kumi zikiisha kuna 400, chupa ya pili inagharimu 300, na 100 zimebaki. Baada ya chupa mbili tatu, hizo zilizobaki zinanunua sukari kilo nzima. Anayeanza na bidhaa tano kwa pamoja huishia kurudi kwenye kikombe kabla ya mwezi kwisha.

Kwa kundi ni rahisi zaidi. Vyama vingi vya mitaani hukusanya pesa na kumpa mmoja kwa zamu, na pesa hiyo mara nyingi humalizwa na deni lililokuwa likiingoja mlangoni. Chama kinaweza kukusanya vilevile lakini kikatoa chakula. Watu kumi wakitoa shilingi 50 kila siku kwa siku sita, wana shilingi 3,000 za kwenda nazo duka la jumla. Gunia la mahindi la kilo 90 likigawanywa kwa watu kumi, kila mmoja anapata kilo tisa. Vinunuliwe vitu vikavu visivyooza: mahindi, maharagwe, mchele, sukari, sabuni, mafuta. Nyanya ziachwe, ugomvi wa nani alipewa zilizobonyea umevunja vyama vingi. Mizani iwepo, mgao ufanyike mchana mbele ya wote, na daftari lisikae kwa anayeshika pesa.

Kundi la watu kumi au zaidi linaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya mwaka 2022, na likishakuwa na cheti linaweza kufungua akaunti kwa jina lake. Likikua hadi kutaka kuwa chama cha ushirika, vyama vya ushirika ni kati ya majukumu ambayo Katiba imeyakabidhi kaunti, na maafisa wa ushirika wa kaunti ndio wa kuendewa.

Mkopo wa simu nao ni kununua kwa kikombe, ila kinachonunuliwa ni pesa. Mkopo wa shilingi 1,000 unaotozwa shilingi 10 kwa siku unaonekana mdogo, lakini kwa wiki mbili umekula 140. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022, hutoza riba ya asilimia 8 kwa mwaka; kwa shilingi 1,000 za siku 14 hiyo ni kama shilingi tatu, ingawa asilimia 5 ya mkopo huzuiwa na kuwekwa akiba, kwa hiyo kinachofika ni 950. Na mkopeshaji wa kidijitali anayewapigia jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha anavunja kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022, hata kama deni ni la kweli.

Bado kibarua anayelipwa kwa siku miaka nenda miaka rudi atakuwa akinunua kwa siku. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haikukusudia hivyo. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo haitarajiwi kwisha katika miezi mitatu, atahesabiwa kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Hapo anapata siku ya mapumziko na notisi kabla ya kuachishwa kazi. Kifungu cha 19 nacho kinazuia makato yote kwa pamoja, pamoja na mikopo, kuzidi theluthi mbili za mshahara. Anayetaka kudai aanze kuandika: tarehe, saa za kuingia na kutoka, jina la msimamizi, kiasi alicholipwa. Ujumbe wa malipo ulioingia kwenye simu usifutwe. Kuna hofu ya kweli ya kupoteza kazi, na hakuna faida kuificha. Ndiyo maana wafanyakazi kadhaa wakienda ofisi ya leba pamoja huwa na nguvu kuliko mmoja.

Ugonjwa ndio huvunja mpango wote huu kwa siku moja. Katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, huduma za msingi hulipwa na Hazina ya Afya ya Msingi kwa kila aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kujisajili hakulipiwi, na watoto huandikwa chini ya mzazi. Anayengoja mpaka augue ndipo ajisajili hupoteza asubuhi nzima ambayo angekuwa kazini.

Yamebaki ya kipimo chenyewe. Usimamizi wa masoko na biashara ya haki ni jukumu la kaunti, na Sheria ya Vipimo na Mizani inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Mnunuzi ana ruhusa ya kuuliza muhuri uko wapi. Ana ruhusa pia kutazama kitako cha mkebe kabla haujajazwa, maana ipo mikebe iliyogongwa ndani kwa nyundo, na pishi lake halifiki pishi. Mwenye malalamiko aende kwa maafisa wa vipimo wa kaunti na mambo matatu: mahali kibanda kilipo, siku na saa aliyonunua, na bidhaa yenyewe ikiwa bado haijapikwa.