Kagua Njia Kabla ya Kupanda Mlima

(Mazungumzo na wanafunzi wa chama cha mazingira)

Mwalimu mlezi wenu ameniambia kwamba muhula ukiisha mtapanda Mlima Longonot. Hongera sana! Kutembea kunaimarisha moyo na mapafu, na kunaondoa mawazo ya mitihani. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya kazi inayofanywa kabla ya safari yenyewe, yaani kukagua njia.

Kukagua njia ni nini? Mwalimu na viongozi wawili wa chama wanatangulia kwenda. Wanaitembea njia, wanauliza maswali, kisha wanarudi na kuwaambia wenzao: mpango wetu unafaa, au haufai. Najua kuna wale watakaosema, "Ah, huko ni kupoteza nauli!" Hebu nisikilizeni kwanza.

Jirani ya Longonot, kusini mwa Ziwa Naivasha, kuna mbuga ya Hell's Gate yenye korongo jembamba ambalo wageni hupenda kuliona. Mwezi wa Aprili 2012 kikundi cha vijana wa kanisa kilikuwa ndani ya korongo hilo mafuriko yalipokuja ghafla. Vijana saba walikufa. Septemba 2019 mafuriko yalikuja tena na kuua watu saba, akiwemo mtu aliyekuwa akiwaongoza wageni. Kumbukeni kwamba Septemba si masika. Tena si lazima mvua ikunyeshee wewe. Ikinyesha kule juu, maji yanateremka na kukukuta chini, kuta ziko pande zote mbili na huna pa kukimbilia. Baada ya mkasa huo, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, lililifunga korongo.

Simlaumu aliyekufa. Ninachosema ni kwamba kalenda peke yake haitoshi. Ni lazima kuuliza watu walioko kule kule.

Basi, wale watakaotumwa kukagua warudi na majibu ya maswali matatu.

Swali la kwanza: Je, tunaweza kufika na kuingia? Mkipitia Mai Mahiu, ulizeni hali ya barabara. Tarehe 29 Aprili 2024 mafuriko yalishuka karibu na Mai Mahiu alfajiri na kuua makumi ya watu. Kwa hiyo, pigeni simu langoni siku chache kabla ya safari, na mpige tena asubuhi ya safari. Ulizeni pia malipo. Siku hizi KWS haipokei pesa taslimu langoni, kwa hivyo kikundi kilichobeba noti mfukoni kinaweza kukwama hapo.

Swali la pili: Je, njia hii inadai nini kwa mwili? Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kama kilomita 3, na sehemu ya mwisho ni mwinuko mkali. Kuzunguka ukingo ni kama kilomita 7 zaidi. Ukijumlisha na kurudi, unapata zaidi ya kilomita 13! Kilele kina urefu wa mita 2,776. Kivuli ni kidogo, wala hakuna mto wa kuchota maji. Kila mtu abebe angalau lita 2. Udongo ni jivu la volkano: wakati wa kiangazi ni vumbi tupu, na mvua ikinyesha ni utelezi.

Sasa mfikirie mwenzenu mwenye pumu ndani ya vumbi hilo. Mfikirie mwenye seli mundu, ambaye akikosa maji anaweza kupatwa na maumivu makali. Mfikirie msichana aliye katika hedhi ambaye hajui choo kiko wapi. Wakaguzi waangalie mambo haya yote. Mwenye pumu abebe inhela yake mfukoni, si kwenye begi lililobaki ndani ya basi. Mwenye seli mundu, kisukari au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya safari.

Mtaniuliza, "Dada, nikisema nina pumu si nitaachwa nyumbani?" Hilo ndilo linalowafanya wengi wanyamaze, na kunyamaza ndiko kunakoweza kuua. Viongozi wa chama, nawaomba: mkiambiwa jambo kama hilo, badilisheni mpango kwanza kabla ya kumwacha mtu. Punguzeni mwendo. Ongezeni mapumziko. Fupisheni njia.

Swali la tatu: Tutageukia wapi, na saa ngapi? Amueni hapa shuleni, mkiwa bado mna akili tulivu. Kwa mfano: ikifika saa tano na wote hawajafika ukingoni, hatuzunguki kreta. Tutakula pale, tutaangalia mandhari, tutateremka. Mkiona wingu zito au mkisikia radi, mnateremka mara moja. Mbona niwe mkali hivi? Kwa sababu kule ukingoni hakuna njia ya mkato. Ukiisha kufika nusu ya mzunguko, kurudi na kuendelea ni sawasawa, na aliyechoka hana msaada wa karibu.

Anayetembea polepole atangulie mbele, na mwalimu mmoja awe nyuma kabisa. Mtu akipata kizunguzungu, akaumwa kichwa au akaanza kutapika, kikundi kisimame, apumzike kivulini na anywe maji kidogo kidogo. Akianza kuchanganyikiwa, hilo ni jambo la hatari: mpozeni kwa maji na mwite askari wa KWS haraka. Hakikisheni namba yao mnayo kabla ya kupanda.

Na kama mtaishia ukingoni tu, msione haya. Mlima hautahama. Mtarudi muhula ujao.

Nimeweka karatasi pale mezani. Kila mmoja achukue moja, hata kama ni mzima kabisa, ili asijulikane ni nani mwenye tatizo. Andika jina lako, ugonjwa ulio nao na dawa unayotumia. Ikunje, umpe mwalimu mlezi mkononi. Ameniahidi hataisoma mbele ya mtu.

Haya, nani ana swali?