Kwa Nini Watoto Wanarudi na Matope?

(Haya ni maneno aliyoyasema mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi moja mkoani Shinyanga, katika mkutano wa wazazi.)



Nimesikia lalamiko lenu. Mnasema: "Tunapeleka mtoto shuleni akasome. Anarudi na matope mpaka magotini. Huyu mwalimu anacheza na watoto wetu." Mzazi ana haki ya kuuliza. Leo nimekuja kujibu.

Kwanza nikiri kosa langu. Mwaka jana nilifundisha habari za udongo kwa chaki tu. Niliandika ubaoni maana ya mmomonyoko. Watoto wakaandika, wakakariri, wakapata alama nzuri katika mtihani. Jioni ya siku ile ile niliwakuta watoto hao hao kule mlimani. Wanachoma nyasi ili wakamate panya! Nikajiuliza: hivi nimefundisha nini?

Basi mwaka huu nimebadili.

CHUPA TATU

Tuliokota chupa tatu za maji, zile za plastiki. Nilizikata ubavuni, nikazilaza mezani, midomo imeinama kidogo. Zote tulitia udongo wa shamba moja. Chupa ya kwanza tuliacha udongo mtupu. Ya pili tulifunika udongo kwa majani makavu. Ya tatu tulipanda nyasi, tukangoja mpaka zikashika vizuri. Chini ya kila mdomo tuliweka kikombe. Kisha watoto walinyunyizia maji kila chupa, kwa kipimo kile kile, polepole kama mvua.

Jamani, kila mtoto aliona kwa macho yake. Udongo mtupu ulitoa maji mengi, tena haraka, yenye rangi ya chai ya maziwa. Penye majani makavu tope lilipungua. Penye nyasi maji yalitoka kidogo kidogo, karibu meupe.

Mimi sikusema neno. Binti mmoja wa darasa la tano aliinua kile kikombe cha tope, akasema: "Mwalimu, hili si lambo letu?"

Ndiyo. Ni lambo letu. Udongo wa mlimani unashuka na mvua, unajaa lamboni, na maji yanakosa mahali pa kukaa. Ndiyo maana linakauka mapema, na akina mama wanakwenda mbali na ndoo.

MRABA WA KAMBA

Siku nyingine tulitoka nje na kamba. Tulipima mraba wa hatua moja chini ya miti, na mwingine mahali palipo wazi. Watoto wakachimbua kwa vijiti na kuandika kila kiumbe walichokiona. Palipo wazi waliona sisimizi tu. Chini ya miti waliona jongoo, mchwa, nyungunyungu na buibui, wakajaza ukurasa mzima.

Wadudu hao hawako pale bure. Jongoo na mchwa wanakula majani yaliyooza, wanayageuza mbolea. Nyungunyungu anatoboa udongo, na maji ya mvua yanapenya. Ndege anakula wadudu. Mti unakula mbolea ile ile. Ukiondoa mmoja, wengine wanaumia. Wanategemeana kama watu wa kaya moja.

HAYA SI MAGENI KWETU

Wazee wetu walijua. Walitenga ngitili, wakafunga malisho wakati wa mvua, wakafungua kiangazi. Baadaye miti mingi ya mkoa huu ilikatwa, kwanza kumfukuza mbung'o, tena kupata mashamba ya pamba. Nchi ikawa uwazi. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, tuliouita HASHI. Wakati ule ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipokwisha mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Na miti mingi haikupandwa! Watu walifunga ardhi, visiki na mizizi ikachipua yenyewe.

OMBI LANGU

Ndugu wazazi, naomba ekari mbili za mteremko ulio juu ya lambo ziwe ngitili ya shule. Sifichi: ng'ombe watakosa malisho hayo msimu wa mvua, na mwenye mifugo ataona uchungu. Lakini kiangazi tutafungua, nanyi mtakuta nyasi.

Watoto watasimamisha mti wenye alama ndani ya lambo. Kila mwezi watasoma kina cha maji na kukiandika katika daftari. Wengi wenu mmehitimu kisomo. Njoni mlisome daftari hilo wenyewe, msingoje kuambiwa na mwalimu. Baada ya misimu miwili, kama hamkuona faida, fungueni ngitili.

Na mtoto akirudi na matope, msimchape kwanza. Mwulizeni: "Leo umeona nini?"

Uamuzi ni wenu.