MAZUNGUMZO YA WIKI: NENO "RATIFY"

Ndugu wanaushirika,

Wengi wetu tumelisikia neno hili la Kiingereza redioni. Kiswahili chake ni kuridhia. Jumamosi hii mkutano mkuu utaletewa mkataba wa kumpangisha ghala letu mnunuzi wa kutoka Kariakoo, kwa hiyo inafaa tulielewe.

Kutia sahihi ni jambo moja, kuridhia ni jingine. Anayetia sahihi ametumwa. Anayeridhia ndiye mwenye mali, au aliyesimama mahali pake. Ndiyo maana Katiba yetu, ibara ya 63, imelipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ya nchi ambayo masharti yake yanataka iridhiwe.

Tutazame Bandari ya Dar es Salaam. Tarehe 25 Oktoba 2022 Serikali yetu na ile ya Dubai zilitia sahihi makubaliano juu ya bandari. Bunge likaridhia tarehe 10 Juni 2023. Watu wakauliza: mbona hayataji idadi ya miaka? Mabishano yakafika mpaka mahakamani. Muda ulikuja kuandikwa katika mikataba ya kazi yenyewe na kampuni ya DP World, iliyotiwa sahihi tarehe 22 Oktoba 2023: miaka 30.

Bandari hiyo hiyo ina kisa cha zamani. Mwaka 1921 Waingereza waliwapangisha Wabelgiji eneo pale, na jingine Kigoma, milele, kwa faranga 1 tu kwa mwaka. Wenye nchi hawakuulizwa. Mwaka 1961 Mwalimu Nyerere alikataa Tanganyika huru ifungwe na pango hilo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa: mwenye mamlaka ya muda hawezi kutoa kitu cha milele.

Basi ndugu, kamati yetu nayo ni ya muda, ghala ni letu sote na watoto wetu. Kabla ya kunyoosha mkono tuulize: Ni miaka mingapi? Kodi ni kiasi gani, na italipwa lini? Paa likivuja nani atengeneze? Akivunja masharti, tunamtoaje? Asiyejua kusoma aombe asomewe mpaka aelewe, wala asione haya.

Mkono ukishanyooshwa, hiyo ni sahihi yetu sote. Tukutane Jumamosi saa 3 asubuhi, hapo hapo ghalani.

Ushirika ni nguvu!