Machozi ya Senema na Meza ya Karani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa watumishi, Tumbi)



Mimi si mtaalamu wa senema. Ni karani tu. Nataka kusema habari ya machozi yatutokayo tunapotazama picha za watu wenye ulemavu, na kuuliza yatufikisha wapi. Nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Miaka kadha iliyopita, usiku mmoja, nilitazama pamoja na watu wa nyumbani kwangu picha iitwayo In the Shadow of the Sun. Mwingereza Harry Freeland aliitengeneza katika nchi yetu kwa muda wa miaka sita, ikatoka mwaka 2012. Ndani yake twamwona Bwana Josephat Torner, mtu mwenye ualbino, akienda vijijini ambako wenzake waliuawa kwa ajili ya ushirikina, akisema na watu uso kwa uso. Twamwona pia kijana Vedastus wa Ukerewe, ambaye haja yake kubwa ni elimu. Nililia, na mke wangu akalia. Nikalala nikijiona mtu mwema.

Siku mbili baadaye, katika ofisi niliyokuwa nikitumika wakati ule, aliingia mzee juu ya kiti cha magurudumu, akisukumwa na mjukuu wake. Nikamtazama yule kijana, nikamwuliza, “Huyu mzee anataka nini?” Mzee akanijibu kwa upole: “Mwanangu, miguu ndiyo iliyokufa. Ulimi wangu mzima.”

Alikuja kuuliza habari ya kiinua mgongo chake. Alikuwa karani kama mimi, na ajali ya gari ndiyo iliyomvunja uti wa mgongo. Nilipompa karatasi atie sahihi, niliona mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Nikaona haya mpaka leo.

Basi nimejiuliza: Je, yale machozi yalikuwa ya nini? Nimeona kwamba senema yaweza kututia mambo matatu moyoni.

La kwanza ni hofu. Mwaka 1932 Mmarekani Tod Browning alitoa picha iitwayo Freaks, akawaweka ndani yake watu wenye vilema vya kweli waliokuwa wakifanya kazi katika sarakasi. Mwisho wake wanatambaa usiku, mvuani na matopeni, ili kulipiza kisasi. Watu wengi waliochukizwa hawakujiuliza kama kilichowachukiza ni ule ukatili au ni viungo vya wale watu. Uingereza iliikataza picha ile kwa miaka kama 30.

La pili ni huruma. Huruma si mbaya, lakini mara nyingi humtazama mtu kutoka juu. Hulia, hupangusa macho, kisha huenda kulala. Ndiyo iliyokuwa yangu.

La tatu ni heshima. Mwaka 1946 ilitoka Marekani picha iitwayo The Best Years of Our Lives. Ndani yake alikuwamo Harold Russell, askari wa kweli aliyepoteza mikono yote miwili kwa baruti mwaka 1944. Katika picha ile amwonyesha mchumba wake jinsi asivyojiweza usiku akivua mikono yake ya chuma. Msichana hakimbii, amfunga vifungo vya nguo ya kulalia, wala mapenzi yake hayapungui. Mwaka 1947 Russell alipewa tuzo mbili za Oscar kwa kazi hiyo moja.

Na Bwana Torner je? Hasemewi na mtu. Asema mwenyewe, tena apanda mlima Kilimanjaro. Hayo yote niliyaona kwa macho yangu, na bado siku ya pili yake nilimnyima mzee nafasi ya kusema. Nilitazama mateso, sikumtazama mtu.

Ndugu zangu, wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Sisi wa Tumbi twalijua neno hili kuliko wengi, maana twakaa kando ya barabara ya Morogoro, na hospitali yetu hupokea majeruhi wake. Atakayeingia ofisini kesho juu ya magurudumu huenda ni mmoja wetu tulioketi hapa.

Tena hili si jambo la wema tu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yakataza ubaguzi, na yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Na tuhesabu katika ofisi zetu, tuone kama twafika.

Yatupasa basi tufanye haya: tuseme na mwenye haja yake, si na msukuma kiti; ikiwa meza ni ndefu, tutoke nyuma yake; ikiwa pana ngazi, tuombe mteremko ujengwe, na mpaka ujengwe tumfuate mtu huko nje na karatasi zake.

Siwakatazi kulia mbele ya senema. Nami nitalia tena. Lakini asubuhi yake, na tuulize, “Shikamoo mzee, nikusaidie nini?” tukimtazama yeye mwenyewe usoni.