Moshi, si Moto

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Singida Mjini)



Nimeombwa niseme machache juu ya mizinga ambayo chama chetu kinaipatia shule. Kwanza nina la kuungama.

Nilipokuwa kidato cha pili, wanne tulitoroka bweni usiku tukaenda kurina mzinga wa mzee mmoja, nyuma ya majabali upande wa Ziwa Kindai. Tulibeba mwenge wa majani makavu. Tulichoma nyuki, tukakomba masega yote hata yenye majana, na cheche zikashika nyasi. Kulipokucha mgunga ulikuwa umeungua na mzinga ni majivu. Mzee alikuja shuleni, akasimama mbele yetu mstarini, akauliza: "Na mwakani mtarina nini?" Hakuna aliyejitaja. Mimi jicho lilikuwa limevimba; nikasema ni nyigu.

Siku hizi nami nina mizinga, huko Manyoni. Moshi kidogo wa bomba huwafanya nyuki wakimbilie kunywa asali, tena hufunika ile harufu ambayo nyuki akiuma humwachia adui ili wenzake wamfuate. Mwenge huua tu. Sega la kuvuna ni lile lililofunikwa kwa nta. Lisilofunikwa asali yake ina maji mengi, huchacha. Lenye majana liacheni, na akiba ibaki mzingani, maana mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua na kiangazi chake mnakijua. Mizinga hii ni ya mbao. Mzinga wa gome hugharimu mti mzima, kwani mti ukivuliwa gome kuzunguka shina hufa.

Juu ya mahali, samahani, sikubaliani na kamati. Nyuma ya bweni ni karibu mno. Nyuki wetu ni wakali. Iwekwe ng'ambo ya shamba, mbali na njia na mifugo, na maji yasikosekane. Kamati inasema huko itaibiwa. Naam, yawezekana, anayesema nanyi ni mwizi wa zamani.

Yule mzee alikwisha fariki. Mwaka jana nilimwendea mwanawe, nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akacheka. Amekubali kuja kuwafundisha vijana kila Jumamosi, kwa sharti moja: kiberiti atabeba yeye mwenyewe.